Aliyeumwa na Nyoka, Mkojo Wake Usimwagwe Bila Kutazamwa

Mtu akiumwa na kifutu shambani, macho ya nyumba nzima huenda mguuni: umevimba hadi wapi, malengelenge yametoka, damu bado inachuruzika? Ni haki yao. Lakini ndani ya siku mbili tatu zinazofuata figo nazo zinaweza kugoma kufanya kazi, na zenyewe hazivimbi zikaonekana. Anayeuguza ndiye mwenye nafasi ya kugundua mapema, maana wodini daktari hupita asubuhi, yeye yupo usiku kucha.

Sumu huzifikia figo kwa njia zaidi ya moja. Damu na maji hupotea, mengine yakijificha ndani ya uvimbe wenyewe, presha ikashuka na figo zikakosa damu. Sumu ya nyoka wengine huvuruga ugandaji: vidonge vidogo vya damu huziba mishipa myembamba ya figo, huku kwingine mgonjwa anavuja kwa sababu vya kugandishia vimekwisha. Kuna pia inayovunja misuli au chembe nyekundu za damu, na mabaki yakakwama kwenye vijifereji vya mkojo.

Boomslang, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, ni hatari kwa kuvuruga ugandaji, tena sumu yake hukawia. Mtu hujiona mzima kwa saa nyingi. Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka Karl Patterson Schmidt wa Chicago aliumwa na mtoto wa boomslang, akakaa anaandika dalili zake, ikiwemo damu kwenye mkojo usiku ule. Kesho yake alifariki. Kwa hiyo asikwambie mtu kuwa nyoka mdogo hana neno.

Sasa kazi yako. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, na kila mgonjwa akikojoa, pima. Andika saa, kiasi na rangi. Mtu mzima wa kilo 60 anatarajiwa kutoa walau mililita 30 kwa saa, yaani vijiko viwili vya chakula. Kwa saa sita ni zaidi kidogo ya theluthi ya chupa hiyo. Mkojo ukipungua hapo, au ukiwa mwekundu au mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, mwamshe muuguzi usiku huohuo. Usimlazimishe mgonjwa kunywa maji ndoo nzima ili mkojo uje: figo zikishagoma, maji hayo huishia mapafuni.

Omba kipimo cha damu cha kreatinini na potasiamu, kinachoonyesha hali ya figo, na kirudiwe, kwani majibu mazuri ya siku ya kwanza hayathibitishi kitu. Hata zahanati isiyo na mashine inaweza kupima ugandaji: mililita 2 za damu kwenye kichupa cha kioo kipya, kisafi na kikavu, kiachwe kimetulia dakika 20, kisha kiinamishwe mara moja. Damu ikimwagika kama maji, haigandi. Kichupa cha plastiki, au kilichooshwa kwa sabuni, hudanganya.

Maumivu yatakuwa makali, na duka la dawa litakupa diklofenaki bila kukuuliza. Kataa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzibana figo ambazo tayari zina shida, na aspirini huongeza kuvuja damu. Parasetamoli inatosha hadi daktari aseme vingine. Dawa za mizizi nazo zisubiri. Kufunga kamba, kuchanja wembe na kubandika jiwe jeusi ni kupoteza muda tu, na kamba inaweza kumgharimu mguu.

Muda huo una thamani kwa sababu dawa ya kuzuia sumu hukamata sumu iliyo bado mwilini. Haifufui figo iliyokwisha kuumia. Mtoto hapewi nusu dozi, maana nyoka hakumpunguzia sumu. Figo zikigoma kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, na wengi figo zao hurudi kazini baada ya wiki kadhaa.

Wengi, si wote. Tunza karatasi ya kuruhusiwa, na baada ya miezi mitatu mrudishe akapimwe presha, kreatinini na protini kwenye mkojo, hata kama ameshaanza kulima.