Kuweka Kibanda cha Land Rover Kuukuu juu ya Chasisi Mpya Zaidi

Wakulima wengi wa skimu bado wanazo Land Rover za zamani, zile za Series II zilizoanza kutengenezwa mwaka 1958, na Series III zilizotengenezwa toka 1971 mpaka 1985. Bodi ya motokaa hizi ni ya aluminiamu, nayo hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chasisi, yaani mifupa inayobeba bodi, injini na ekseli, ni ya chuma, na matope ya barabara zetu huingia ndani yake yakakaa humo miaka. Ndiyo sababu utaona pikap yenye milango mizuri na paa zuri, kumbe huko chini chasisi inatoboka ukiigonga kwa spana. Mwenye kupeleka maziwa kila alfajiri kwa gari kama hilo yumo hatarini, kwa maana chasisi haivunjiki gari likiwa limesimama uani. Huvunjika penye mzigo mzito na mteremko mkali.

Njia moja ni kutafuta chasisi ya Land Rover 110, gari lililoanza mwaka 1983, pamoja na injini, giaboksi na ekseli zake, kisha kupachika juu yake kibanda cha dereva kilicho kizima bado. Mkulima atapata springi za koili badala ya zile za majani, breki za diski mbele, na nguvu ya injini kwenda magurudumu yote manne wakati wote.

Kabla ya kushika spana, shika karatasi. Namba iliyopigwa kwenye chasisi ndiyo iliyoandikwa katika logibuku, na gari hujulikana serikalini kwa namba hiyo. Ukibadili chasisi, umebadili gari, hata kama kila jirani analitambua kwa rangi yake. Basi usinunue chasisi isiyo na logibuku, hata ikiwa bei yake ni ya kuchekesha, kwa sababu huenda ni mali ya wizi, nawe utapoteza chasisi na fedha pamoja. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari aarifu mabadiliko ya namna hii, na kazi hiyo sasa ni ya mamlaka ya NTSA. Kampuni ya bima nayo iambiwe. Ulizeni haya yote mapema, kabla fundi hajafungua nati ya kwanza.

Sasa tuje kwenye vipimo. Pikap ndefu ya Series ina inchi 109 toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, yaani milimita 2769. Ile ya 110 ina inchi 110, yaani milimita 2794. Tofauti ni milimita 25 tu, na hapa wengi hudanganyika wakidhani kwamba kila kitu kitaingia mahali pake. Tazameni upana. Magurudumu ya Series yameachana inchi 51 na nusu, ya 110 inchi 58 na nusu. Zimezidi inchi 7, basi kila upande gurudumu litatokeza nje inchi 3 na nusu kupita pale lilipokuwa. Lazima bamba la matope liongezwe upana, ama sivyo mawe na tope vitarushwa juu ya wapita njia, na askari wa trafiki hatakuwa na sababu ya kukuacha. Kadhalika radieta ya 110 hukaa mbele zaidi, na pua ya Series imeingia ndani kati ya taa. Pima nafasi hiyo injini ikiwa imefungwa, si kwa kukisia.

Kuna watu watakaokushauri ununue chasisi ya Discovery ya kwanza, ya inchi 100, kwa kuwa hupatikana kwa bei nafuu, kisha uikate au uirefushe. Mimi sikushauri hivyo. Chasisi iliyokatwa katikati na kuchomelewa kando ya barabara ni kama mguu uliofungwa gongo na mtu asiye mganga.

Kibanda cha Land Rover kina sifa moja kubwa: kimefungwa kwa bolti, kwa hiyo hutoka vipande vipande, paa, milango, sanduku la viti, na mwisho ule ukuta wa mbele unaobeba kioo na pedali. Ukuta huo ni wa chuma. Kagua pembe zake za chini mahali pa miguu, na nguzo za bawaba. Kama zimeoza, zitengenezwe kwanza. Toa waya za betri kabla ya lolote, na kila waya uufunge kikaratasi chenye namba, ukiandika namba hizo daftarini. Mtoto wa darasa la nne aweza kukusaidia kazi hii, nayo itakuokolea siku tatu.

Usukani na breki havina mzaha. Tumia boksi ya usukani na pampu ya breki zilizokuja na chasisi, kwa sababu pampu ya drumu na ya diski hazilingani. Fimbo ya usukani isikatwe na kuchomelewa kamwe; tafuta viungo vyake halisi.

Unapokirudisha kibanda, weka raba kati yake na chasisi. Kabla ya kukaza bolti, chukua kamba upime toka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha pembe zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, kibanda kimekaa sawa. Vikipishana, milango haitafunga. Raba huzuia umeme, basi funga waya mnene wa ardhi toka betri hadi chasisi, na mwingine hadi kwenye bodi, la sivyo taa zitafifia.

Gari likiisha kusimama, liendeshe tupu kilomita 100 hivi karibu na nyumbani. Kaza bolti zote tena, angalia mafuta ya breki kama yanavuja, ndipo ulipeleke kukaguliwa. Makopo ya maziwa yangoje mpaka hapo.