Risasi Zikilia: Jikinge na Vipande

Kwa wakazi wa Salamabila na vijiji vinavyouzunguka mgodi wa Namoya: risasi ikigonga jiwe au chuma hupasuka, na vipande huruka hata upande usiolengwa.

1. Lala chini papo hapo. Kuchungulia dirishani ujue nani anapiga ndilo kosa kubwa.
2. Usiamini ukuta wa udongo wala bati, risasi hupenya. Tafuta mtaro, shimo, au chumba cha ndani chenye kuta mbili kuelekea barabarani.
3. Mlango wa gari haukingi. Jifiche upande wa injini.
4. Usijibandike kwenye ukuta wa mawe au saruji, maana vipande huambaa nao.
5. Milio ikikoma, ngoja kwanza.
6. Kipande kilichochomeka mwilini usikichomoe: kandamiza pembeni yake kwa kitambaa safi, mpeleke mgonjwa hospitali. Tundu dogo huficha jeraha refu.
7. Bomu au risasi isiyolipuka usiiguse, usiichome na takataka. Rudi kwa njia uliyojia, mjulishe chifu.
8. Watoto wasiokote maganda ya risasi, hata kama yanang'aa.