Uchumba Uliovunjika: Somo kwa Vijana, Wazazi na Waalimu

Katika masomo ya ndoa tumezoea kuwafundisha vijana namna ya kuposa, namna ya kutangazwa kanisani, na namna ya kukaa kwa amani nyumbani. Mafundisho hayo ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo waalimu wengi hulipita upesi, kama mtu apitaye penye mbwa mkali, nalo ni uchumba unaovunjika kabla ya arusi. Mwezi huu twataka kulitazama, na hasa katika nchi iliyo kati ya Shinyanga na Geita, maana huko mambo mawili yamekutana, ng'ombe na dhahabu, na vijana wamesimama katikati.

Tuanze na ng'ombe. Wasukuma hawahesabu ng'ombe wa mahari kuwa bei ya mtu, na mgeni asemaye hivyo hajaielewa desturi. Ng'ombe hao hufunga urafiki wa koo mbili, tena huendelea na safari yao: walioingia kwa ajili ya dada, mara nyingi ndio watakaotoka kwa ajili ya mke wa kaka. Basi mfikirini binti wa miaka 21 aliyeposwa na mtu ambaye moyo wake haumtaki. Ajua kwamba kaka yake angoja. Ajua kwamba baba amekwisha kupiga hesabu. Akisema, "Baba, huyu simtaki," hamkatai mtu mmoja tu; ni kama amebomoa zizi, na ndoa ya kaka yake pamoja nalo. Kwa sababu hiyo wengi hunyamaza, na wazazi hukihesabu kimya chao kuwa ni kukubali.

Wako wazee wasemao kwamba haya ya kuchagua mchumba ni mambo mapya yaliyoletwa na shule. Sivyo. Desturi ya chagulaga yajulikana sana Usukumani: vijana humzunguka msichana, pengine usiku wakati wa ngoma, wakimwambia achague mmoja wao, na jina lenyewe lasema habari ya kuchagua. Hatuitaji ili kuisifu. Msichana aliyezungukwa gizani na vijana wengi hana nafasi ya kusema, "Simtaki hata mmoja," na mahali pasipo nafasi ya kukataa hapana kuchagua. Lakini yaonyesha kwamba hata mababu walijua ya kuwa neno la binti latakiwa. Walilitaka, kisha wakalibana.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Kutoka nyumbani kwenda kutafuta mahari si jambo jipya huko. Tangu almasi zilipogunduliwa Mwadui mwaka 1940 vijana wa Shinyanga wamejua kuifuata ardhi yenye mali. Dhahabu ya Geita nayo ilichimbwa tangu siku za ukoloni, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi yake mwaka 2000, na Geita ikafanywa mkoa mwaka 2012. Ila wengi wa vijana tunaowasema hawamo katika mgodi ule mkubwa. Wamo kwa wachimbaji wadogo, Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu, na upande wa Kahama.

Yafaa mwalimu ajue kazi yao ilivyo, maana asipoijua hataielewa ahadi ya kijana. Aingiaye katika duara kwa kawaida hapewi mshahara wa mwezi. Mwenye duara humlisha, naye huchimba juma kwa juma, pengine miezi, mpaka mwamba wenye dhahabu uonekane. Ukionekana, mawe hugawanywa kwa viroba. Kila mtu hupeleka viroba vyake kwenye karasha visagwe, unga wake uoshwe kwenye mwalo, dhahabu ikamatwe kwa zebaki. Pengine hutoka mali ya kununua ng'ombe kadhaa kwa siku moja. Mara nyingi zaidi hutoka kidogo tu, na deni la dukani limekwisha kulipita pato. Basi kijana huyu aliaga nyumbani akisema, "Baada ya mavuno nitarudi na ng'ombe." Hakusema uongo. Aliahidi siku ambayo haikuwa mkononi mwake.

Mavuno yakapita. Aibu ikamzuia kupiga simu. Binti naye akasema moyoni, "Amepata mwingine," na pengine kweli amepata, kwa kuwa katika makambi ya dhahabu watu huanza kukaa pamoja pasipo posa wala arusi. Ndipo huja mtu wa pili nyumbani kwa binti, mwenye ng'ombe tayari, na baba husema, "Yule wako yuko wapi?" Swali hilo si la ukatili. Baba aona miaka ya binti yake inapita. Lakini binti hana jibu, na uchumba huvunjika pasipo mtu yeyote kusema kwamba umevunjika.

Hapo twakumbuka habari ya mwanamke mmoja ambaye Walutheri wote wamjua jina, lakini wachache wamjua katika huzuni yake. Katharina von Bora alizaliwa mwaka 1499 katika nchi ya Ujerumani, akawekwa na wazazi wake katika nyumba ya watawa tangu utoto. Siku za Pasaka mwaka 1523 alitoroka Nimbschen pamoja na watawa wenziwe katika gari la mfanya biashara aliyeitwa Leonhard Koppe, wakafika Wittenberg. Hakuwa na mali, wala jamaa wa kumtegemea. Huko akakutana na Hieronymus Baumgartner, kijana wa jamaa kubwa ya mji wa Nürnberg, wakapendana, na watu wakatumaini kuwa wataoana. Kijana akarudi kwao. Hakuja tena. Jamaa yake hawakupendezwa na mtawa aliyetoroka, asiye na mahari ya kuleta, maana katika nchi ile mahari ilitoka upande wa mke.

Katharina akangoja zaidi ya mwaka. Mwezi wa Oktoba mwaka 1524 Daktari Martin Luther mwenyewe alimwandikia Baumgartner barua, akamwambia kwamba kama amtaka Katharina wake na afanye haraka, kabla hajapewa mtu mwingine. Kijana hakuja hata hivyo, na mwaka 1526 alioa mwanamke mwingine. Tazameni jinsi barua ile ilivyofanya kazi ya mshenga mwema. Haikumtukana kijana, wala haikumtisha. Ilimtaka jibu.

Yule mtu mwingine alikuwa Kaspar Glatz, mchungaji. Katharina akamkataa. Mwanamke asiye na nyumba, aliyekwisha kuachwa mara moja, alikataa mume aliyeletwa kwake na watu wenye heshima, naye akamwambia Nikolaus von Amsdorf waziwazi kwamba yeye Amsdorf, au Luther, angekubali kuolewa naye. Akaolewa na Luther tarehe 13 Juni 1525. Lakini msiwaambie vijana walioachwa kwamba Mungu amewawekea kila mmoja wao Luther wake. Katharina hakujua mwaka 1524 mambo yatakavyokuwa mwaka 1525. Na wako wengi waliongoja kama yeye, wasije kupata mwingine. Jambo la kujifunza kwake ni lile la kumkataa Glatz: huzuni ya kwanza haikumfanya achukue mume wa pili ili tu watu wanyamaze.

Mwaka uo huo wa 1524 Luther aliandika kijitabu juu ya wazazi na ndoa za watoto wao. Jina lake ndilo mafundisho yenyewe: kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto kuoa, wala wasiwazuie, na kwamba watoto nao wasifanye uchumba pasipo wazazi kujua na kukubali. Wengi hushika nusu moja tu ya neno hili, kila mtu nusu impendezayo. Luther alizishika zote mbili, ijapokuwa hakuzipima sawasawa. Kulazimisha alikuona kuwa kosa kubwa kuliko kuzuia, kwa kuwa maumivu ya wapendanao waliotengwa hupita, bali wasiopendana wakifungwa pamoja, maumivu yao hukaa nao maisha yote. Naye aliijua hasira ya mzazi: alipoingia utawani mwaka 1505, baba yake Hans alikasirika sana, maana alimtaka awe mtu wa sheria.

Kijitabu hiki kingesomwa Geita leo, kila mmoja angepata fungu lake. Baba ahesabuye ng'ombe pasipo kumwuliza binti angepata la kwanza. Mzazi amkataaye mkwe kwa sababu tu ni wa kabila lingine, au kwa sababu atoka machimboni, angepata la pili. Nao wawili wakaao pamoja kambini, ambao hata shangazi hawajui, wangepata la tatu.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba hakuna ndoa pasipo ridhaa ya hiari ya wote wawili. Yataka nia ya kuoana itangazwe angalau siku 21 kabla, na siku hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kushona nguo. Ni nafasi ya mwisho ya kusema neno. Yasema pia kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu ya mahari kutotimizwa. Tena aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa aweza kudai fidia mahakamani, na zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa zaweza kuamriwa kurudishwa. Nao walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakijulikana na watu kama mume na mke, wadhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kijana asijidanganye kwamba huko kambini anajaribu tu.

Vile vifungu vya sheria hiyo vilivyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi au ya mahakama, Mahakama Kuu ilivihukumu mwezi wa Julai 2016 kuwa ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi wa Oktoba 2019. Aliyelileta shauri hilo ni mwanasheria Rebeca Gyumi. Nasi twafurahia jina lake, maana katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, mtumishi wa Ibrahimu alipokuja na ngamia na dhahabu, na ndugu walipokwisha kukubali, Rebeka aliitwa akaulizwa mwenyewe kama atakwenda. Lea hakuulizwa hivyo. Katika sura ya 29 Yakobo afanya kazi miaka 7 kwa ajili ya Raheli, kama kijana wa duarani, na Labani amletea Lea usiku. Sisi humhurumia Yakobo aliyedanganywa. Yafaa darasani tumfikiri Lea kulipopambazuka.

Tuseme sasa neno juu ya kumfariji aliyeachwa. Mtu akifiwa, majirani huja wakakaa naye kimya. Mtu akiachwa na mchumba, majirani huja na maneno. Msichana huambiwa, "Wanaume wako wengi," au huulizwa alikosa nini. Mvulana huchekwa na wenzake wa duarani, akanywa pombe, kisha akashuka shimoni mikono ikitetemeka, na hatari yake si ndogo. Mwalimu asianze kwa mafundisho. Na aketi, asikilize, wala asiifanye habari hiyo kuwa mfano wa mahubiri Jumapili ijayo, hata pasipo kutaja jina, kwa kuwa kijijini jina hujulikana. Juma la pili au la tatu ndipo amsaidie kwa mambo ya mkono: mshenga atumwe kambini kutaka jibu wazi, zawadi ziandikwe moja moja, na zile zinazopasa kurudi zirudi kwa mikono ya wazee, siyo kwa matusi ya vijana barabarani. Mwenye kutaka kuacha naye aambiwe kwamba kunyamaza si upole. Neno chungu lililosemwa mapema laacha mtu aende zake; simu iliyozimwa humfunga mwenziwe mwaka mzima.

Tena wazazi wasiharakishe mume wa pili, au mke wa pili, kama watu wazibao tundu la zizi.

Katika darasa la vijana mwezi huu na yaulizwe maswali haya, na wazazi wakaribishwe kusikiliza. Kijana asiyejua duara litatoa lini, aweza kuahidi nini kwa haki, na kwa muda gani binti apaswa kumngoja? Mzazi aonaye kwa kweli kwamba mchumba wa mtoto wake ni mlevi au mwongo, azuie kwa njia gani, naye aache kuzuia wakati gani? Na la mwisho, ambalo wazee wetu wenyewe hawakukubaliana juu yake: ng'ombe wakiwa wamekwisha kutoka kwa mahari ya kaka, na binti akasema hapana juma moja kabla ya arusi, ni nani apasaye kutafuta ng'ombe wa kurudisha: binti, baba, au kaka?