Mafao Hayamfuati Mtu Nyumbani: Mafunzo Niliyopata Ndama

Kwa miaka kadhaa nimeshughulikia mishahara katika sehemu ndogondogo za kazi huku Ndama na Kayanga, wilayani Karagwe, mkoani Kagera: kwanza kiwanda cha kukoboa kahawa, kisha shule binafsi yenye walimu, wapishi na walinzi. Katika kazi hiyo, ninalolijali kuliko yote ni kukaa na mtu na kumweleza kilicho chake kisheria.

1. Anza na silipu ya mshahara

Mlinzi aliyetoka zamu ya usiku hana masikio ya kusikiliza vifungu vya sheria. Mpe silipu yake mkononi. Akilipwa shilingi 200,000 na kukatwa 20,000 za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mwonyeshe kwamba mchango mzima ni asilimia 20 ya mshahara, na kwamba mwajiri hawezi kuchangia chini ya nusu yake. Kwa hiyo kila mwezi zinaingia 40,000 kwa jina lake. Wengi walikuwa wakiyaita makato hayo kodi. Wakishaelewa kwamba juu ya fedha yao inaongezwa ya mwajiri, maswali huanza kumiminika, na hapo ndipo sheria inapopata msikilizaji.

2. Jina liwe moja kila mahali

Kwetu Kagera jambo hili linaumiza watu. Mtu mmoja ni Rwegoshora kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, Lwegoshora kwenye cheti cha shule, na kwenye mkataba yumo kwa jina la ubatizo peke yake. Akiwa kazini hakuna anayejali. Siku ya kudai mafao, R na L zinamgeuza kuwa watu wawili, naye anaanza kuhangaikia viapo. Siku hizi mfanyakazi mpya hajazi fomu yoyote mbele yangu kabla hatujalinganisha herufi moja baada ya nyingine.

3. Kukatwa si sawa na kuwekewa

Nimewaona watu waliokatwa kila mwezi huku michango yao haifiki kwenye mfuko. Silipu inasema imekatwa, akaunti ya mwanachama inasema hakuna. Pensheni ya uzee inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na fao la uzazi miezi 36, hivyo kila pengo lina bei yake. Mzoeze mtu kuangalia michango yake kwa simu, kama anavyoangalia salio. Akiliona pengo mapema, anayepaswa kulijaza bado yupo.

4. Kibarua naye ni mfanyakazi

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, maana hata wenyewe hawakuamini. Msimu wa kahawa huleta vibarua wengi: wanaopakia magunia, wanaolisha mashine, akina mama wanaochambua punje mbovu. Mtu akiteleza na gunia mgongoni, desturi ilikuwa kumpa nauli ya kwenda hospitali ya Nyakahanga na kumwambia pole. Lakini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya 2008, unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Unagharamia matibabu, unafidia ulemavu, unawasaidia wategemezi kifo kikitokea. Sharti ni taarifa: ajali isikae bila kuripotiwa, kwa kuwa miezi 12 ikipita dai linaweza kufa. Niliwafundisha wasimamizi wa zamu kuandika siku hiyohiyo tarehe, saa, mashine gani, nani alishuhudia. Daftari la kawaida linatosha kabisa kwa kazi hiyo.

5. Usiandike barua ya kuacha kazi uliyoambiwa uandike

Biashara ikiyumba, baadhi ya waajiri humwambia mtu, “Andika tu kwamba umeacha mwenyewe, mambo yaende haraka.” Barua hiyo inamfungia mlango. Fao la upotevu wa ajira, lililokuja na mabadiliko ya sheria ya 2018, ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18, na halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Linanikasirisha hili, kwa sababu anayeombwa barua hiyo mara nyingi ndiye asiyesoma vizuri.

6. Likizo

Siku 28 za likizo ya mwaka wafanyakazi wanazijua. Mama anajua siku 84 za uzazi, ila si wengi wanaojua kwamba za mapacha ni 100. Baba naye ana siku 3 zenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

7. Mwite na mwenza wake

Nimeketi kwenye misiba ambako mjane hakujua kama marehemu alikuwa mwanachama wa mfuko wowote. Ndoa ilikuwa ya kimila, watoto hawana vyeti vya kuzaliwa, na kwenda Bukoba kufuatilia kunakula siku nzima na nauli. Ndiyo maana kikao cha kuwaeleza wafanyakazi mafao yao tulikihamishia Jumamosi alasiri, wake na waume waje. Kila familia huondoka na bahasha yenye nakala ya kitambulisho, namba ya uanachama, mkataba na silipu ya karibuni. Wasio na vyeti vya watoto tunawaandikia orodha ya kinachohitajika, na kikao kinachofuata tunaanza kwa kuuliza nani ameshavipata.