Mkoromo Unapokatika: Mazoezi ya Ulimi na Koo

Mtu akikoroma husemwa amelala fofofo, usingizi umemkolea. Wenzake hucheka, humsukuma alale ubavu, kisha nao hulala. Lakini usiku mmoja kaa macho umsikilize. Mkoromo unapanda, unapanda, ghafla kimya. Hesabu taratibu: kumi, kumi na tano, ishirini. Kifua kinahangaika na hewa haipiti. Mara anagutuka kama aliyeibuka majini, anavuta pumzi kwa kishindo, na mkoromo unaanza upya. Huyo hajalala fofofo. Amekabwa, na mara nyingi kinachomkaba ni ulimi wake mwenyewe.

Ulimi ni nyama ya misuli. Usingizi ukiingia, misuli hulegea mwili mzima, pamoja na ulimi, kuta za koo na kaakaa laini, lile la nyuma linaloning'iniza kimio. Kwa mwenye koo jembamba, aliyenenepa shingo au anayelala chali, nyama hizo hurudi nyuma. Hewa ikijipenyeza hapo huzitikisa, na huo ndio mkoromo. Njia ikiziba kabisa, pumzi hukatika.

Madaktari huhesabu kila mara pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 kwa saa ni dalili ya ugonjwa. Mara 30 ni hali kali. Mgonjwa mwenyewe huwa hakumbuki kitu. Anachojua ni kwamba ameamka kinywa kikavu, kichwa kinauma, na adhuhuri anasinzia. Kama ni dereva, anasinzia kwenye usukani. Ugonjwa huu pia huandamana na shinikizo la damu, tena lile linalokaidi dawa.

Misuli iliyolegea hufundishika. Mwaka 2009 watafiti wa São Paulo, Brazili, walichapisha matokeo ya wagonjwa 31 wenye hali ya wastani. Waliofanya mazoezi ya ulimi, kaakaa na mashavu kwa miezi mitatu walishuka kutoka wastani wa mara 22 kwa saa hadi 14 hivi. Uzito wao haukupungua, ila shingo zilipungua unene. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa Brazili ulionyesha kwamba mazoezi ya dakika 8 tu, mara tatu kwa siku, yanapunguza mkoromo wenyewe.

Mazoezi yenyewe ni haya. Kaa mbele ya kioo, mgongo wima. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu ya mbele, kisha iburute kwenye kaakaa kurudi nyuma, mara 20. Halafu ubandike ulimi wote juu ya kaakaa kama unaunyonya, ubane, uachie, mara 20. Utasikia uchovu chini ya kidevu. Hapo ujue misuli imefanya kazi. Zoezi la tatu: ncha iguse meno ya chini, na shina la ulimi ulikandamize chini, mara 20. Kisha fungua kinywa utamke "a" kwa nguvu huku ukitazama kimio kikipanda, mara 20. Mwisho ingiza kidole safi ndani ya shavu, ukisukume nje, nalo shavu likirudishe ndani, mara 10 kila upande. Wakati wa kula, tafuna pande zote mbili, kulia na kushoto kwa zamu.

Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu hawajaona tofauti. Miezi mitatu ndiyo kipimo, na ukiacha kabisa misuli itarudi ilikotoka. Yafunge mazoezi haya kwenye jambo usilolisahau, kama kupiga mswaki. Pombe na dawa za usingizi nazo hulegeza koo; ukinywa usiku, unaibomoa kazi uliyoifanya mchana.

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya tiba. Aliyepewa mashine ya kupuliza hewa usiku asiiweke kando kwa sababu ameanza mazoezi. Pua iliyoziba itibiwe kwanza, maana hakuna zoezi la ulimi linalofungua pua. Na mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kutoka jasho jingi, usimwanzishie mazoezi ukasubiri. Huenda ana mafindofindo yaliyovimba au nyama nyuma ya pua, na hayo yanatibika. Mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo.

Usiku wa leo mwenzako akikoroma, usimsukume tu. Mrekodi kwa simu dakika chache, hasa pale penye kimya, na asubuhi mpelekeni daktari rekodi hiyo aisikilize.