SUBIRA SI KUKUNJA MIKONO



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyetufikisha Ijumaa hii tukiwa hai. Sala na salamu zimwendee Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wake na maswahaba wake.

Somo letu la leo ni subira wakati wa vurugu za siasa. Sisi watu wa mashariki ya Kongo neno hili tumelisikia sana. Tulilisikia katika vita ya 1996 na ile ya 1998, Bukavu mwaka 2004, Goma mwaka 2012, na tena Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, benki zilipofunga milango na mshahara ukawa hadithi. Kila mara mtu anakuja kukuambia: "Subiri, ndugu." Na wewe moyoni unauliza: nisubiri nini, mpaka lini, na watoto wale nini? Swali hilo si kufuru. Ni haki lijibiwe.

1. MAANA YAKE

Neno la Kiarabu sabr asili yake ni kuzuia na kushika. Wanavyuoni wameigawa subira mafungu matatu: kudumu katika kutii amri za Mwenyezi Mungu, kujizuia na maasi, na kuvumilia misiba. Angalia vizuri, ndugu yangu. Mafungu mawili ya kwanza ni kazi. Anayekaa tu kungoja ameshika fungu moja, akaacha mawili.

2. SOMO LA HUDAYBIYYA

Mwaka wa 6 Hijria (628), Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na Waislamu wapatao 1,400 kwenda kufanya umra. Makuraishi wakawazuia. Ukaandikwa mkataba: warudi mwaka ule bila kuingia Makka, na Mkuraishi atakayekimbilia kwao bila idhini ya walii wake arudishwe. Hapo hapo akatokea Abu Jandal, Muislamu, anaburuta minyororo, naye akarudishwa kwa baba yake. Maswahaba waliumia sana. Mtume (s.a.w.) alipowaamuru wachinje wanyama wao na kunyoa vichwa, hakuinuka hata mmoja, ijapokuwa alirudia mara tatu.

Bibi Ummu Salama (r.a.) akamshauri: atoke, asimsemeshe mtu, achinje na anyolewe. Akafanya hivyo. Walipomwona, wote wakainuka. Baada ya miaka miwili, mwaka wa 8 Hijria (630), waliingia Makka wakiwa watu 10,000.

Tunajifunza nini? Watu waliovunjika moyo hawakuinuliwa na hotuba. Waliinuliwa na kazi ndogo, iliyokuwa ya lazima siku ile, iliyofanywa mbele ya macho yao. Mama anayefungua meza yake sokoni asubuhi, mwalimu wa madrasa anayefundisha watoto saba badala ya arobaini, hao wanafanya kazi ya Hudaybiyya.

3. AMANA YA JIRANI

Vurugu zinapokuja, jirani anakimbia na bidoni na godoro tu. Nyumba, mabati na mbuzi vinabaki. Shetani anakunong'oneza: "Usipochukua wewe, atachukua mwingine." Hapo ndipo subira inapopimwa.

Kumbuka usiku wa Hijra, mwaka 622. Makuraishi wamepanga kumuua Mtume (s.a.w.), na amana za watu wa Makka ziko mikononi mwake. Hakusema mali hizi ni fidia yangu. Alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma, katika hatari, amrudishie kila mtu chake. Kama amana ya mji uliotaka kumuua ilirudishwa, ya jirani yako uliyekula naye sombe je?

4. SHIKA KALAMU

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, haizungumzii vita wala pepo. Inatuamuru kuandika madeni na kuweka mashahidi. Kwa nini tunaisahau wakati wa shida?

Tutazame mfano wa nchi yetu. Mwaka 1999 Kongo ilipeleka mashtaka dhidi ya Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita ndani ya Kisangani, raia wakaangamia. Hukumu ilitoka 2005, na fidia ikapangwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325. Ilichukua zaidi ya miaka 22. Lakini nchi yetu ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11, na Mahakama iliona ushahidi wa hasara nyingi hautoshi.

Basi, ndugu, kusamehe ni kwako na kudai ni kwako, lakini usiache haki ipotee kwa kukosa karatasi. Umeibiwa, umechomewa, umempoteza mtu? Andika jina, tarehe, mahali na mashahidi wawili. Weka nakala kwa mtu mwaminifu. Kijana anayechukua panga kulipiza anaongeza kaburi lingine. Anayeandika anahifadhi haki ya wajukuu.

5. ULIMI

Sura ya Al-Hujurat inatufundisha kuchunguza habari ya mtu fasiki kabla ya kuiamini, tusije tukawadhuru watu bure. Neno moja la barabarani, "kabila fulani ndio wamewaita", limeshaua watu katika nchi hii. Kama hukuona, nyamaza.

MWISHO

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Kwa hiyo, kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja afanye matatu: alinde kitu kimoja cha aliyekimbia, aandike deni au hasara yake moja, na azuie uvumi mmoja usivuke mlango wake.

Ee Mwenyezi Mungu, tupe subira yenye kazi ndani yake. Warudishe waliokimbia, warehemu waliokufa, na utupatie amani katika nchi yetu. Amin.