Somo: Kabla ya Kulipa Chumba Kampala

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa uhuru wa kutembea, lakini msaada wa chakula hautakufuata mjini. Huko chumba kimoja huitwa muzigo; tulicheka jina hilo hadi siku ya kodi. Bwaise ni bondeni, na mvua ikinyesha maji huingia ndani. Basi nenda ukaone siku ya mvua. Tazama alama za tope ukutani. Rangi mpya ikiwa chini tu, uliza kwa nini. Wewe uliye peke yako, fikiria pia Katwe au Nsambya waliko Wakongomani wengi: ukiugua usiku, utabisha mlango gani? Usimpe dalali pesa kabla hujamwona mwenye nyumba na mwenyekiti wa LC1, na ushike risiti mkononi.